Gari Linalochemkia Wageni

Kijiji cha Ujamaa Isantele,
4 Juni, 1976

Ndugu yangu Muhidin,

Salamu kwako, kwa shemeji Kulsumu na watoto. Sisi huku ni wazima, isipokuwa gari.

Landrova ya kijiji inachemka. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyefungua injini hii mwezi wa nne, na kwa sababu tangu kambi ya barabara sijaona mtu mwingine anayeisikiliza injini mpaka imalize kusema. Sijasahau ulivyoufungua ule mtambo wa kushindilia, ukaurudisha ukabaki na bolti mbili mkononi, na mtambo ukatembea vizuri kuliko zamani.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Likitembea, gari ni zima. Nimepanda nalo mlima na magunia kumi na mbili ya ngano na mshale wa joto haukusogea. Lakini likisimama huku injini inaunguruma, dakika ishirini hazifiki, mshale umepanda na mvuke unatoka. Limefanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili mbele ya wageni. Kwanza tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita, walipokuja watu wa wilaya. Pili juzi, walipokuja wa elimu ya watu wazima. Wageni wanashuka, akina mama wanaimba, mwenyekiti Polikarp anafungua mdomo, na gari nalo linafungua wake.

Utauliza kwa nini nisizime. Stata ilishakufa, unajua. Tunawasha kwa hendeli, na mwenyekiti hataki wageni wanikute nimeinama mbele ya gari nazungusha kama mtu anayekoroga ugali wa msiba. Anasema hiyo ni picha mbaya ya maendeleo.

Na haya yote yanatokea kwenye baridi hii, ambapo asubuhi maji ya kuku yana ngozi ya barafu. Hata kuandika naona aibu.

Sasa sikiliza. Saba Saba wanakuja wageni wa mkoa. Kamati imekaa na imeandika kwenye kitabu cha mikutano: gari likichemka mara ya tatu mbele ya wageni, nitakabidhi funguo, na jina langu litapelekwa wilayani kwa neno la hujuma. Mtu akishaandikiwa neno hilo, Muhidin, hulifua kwa sabuni gani?

Barua nimempa Hamidi wa lori la chumvi. Jibu mpe yeye. Shemeji yako Bertilla anakusalimu. Siku hizi yumo kwenye kisomo, anasoma kila anachokiona, hata magunia.

Wako katika mvuke,
Urbano

*

Majengo, Sumbawanga,
9 Juni, 1976

Ndugu Urbano,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti. Kulsumu akasema, "Gari la huyo lina haya, linaona wageni linatoka jasho." Nimemwambia injini haina haya. Lakini sikumwambia kwa nguvu.

Tuanze na ninachokijua. Gari likitembea linapozwa na upepo wa barabara, na huo ni wa bure. Likisimama, halina upepo mwingine ila ule linaovutiwa na feni kupitia rejeta. Kwa hiyo linalochemka likiwa limesimama tu, mara nyingi lina njaa ya upepo, siyo ya maji. Ama mkanda wa feni umelegea, ama rejeta imeziba, ama feni yenyewe.

Halafu usisahau tuko juu. Mimi mzaliwa wa Ujiji, nilipohamia hapa maharage yalinigomea siku nzima, nikadhani nimeuziwa kokoto. Kumbe maji ya Ufipa yanachemka kabla hayajawa moto sawasawa. Injini haijui kama imepanda mlima, lakini maji yanajua.

Fanya hivi. Bonyeza mkanda kwa dole gumba. Ukizama zaidi ya nusu inchi, kaza. Osha rejeta kwa maji ukianzia upande wa injini, uchafu utokee mbele ulikoingilia. Tazama mpira wa kifuniko cha rejeta, kama umekufa kata mwingine kwenye tyubu. Na feni. Itazame sana feni. Niandikie mapanga yake yamepinda kuelekea wapi. Usiniulize kwa nini nauliza.

Wako,
Muhidin

*

Isantele,
15 Juni, 1976

Ndugu Muhidin,

Nimefanya yote. Mkanda uko sawa, nimeukaza hata hivyo. Rejeta imetoa mbegu za nyasi, panzi wawili, na karatasi ya peremende ambayo hakuna mtoto anayekubali kuwa yake. Mpira wa kifuniko ni mpya. Kuhusu feni, mapanga yake yamepinda kama mapanga ya feni. Sikuelewa unataka niandike nini.

Jumamosi nililiwasha nyumbani, nikaliacha linaunguruma saa nzima. Mshale ulikaa chini kama umetumwa. Nikaona limepona, nikaenda kumwambia mwenyekiti. Akasema, "Lisitudanganye. Inabidi tulijaribu kama siku yenyewe."

Basi Jumapili baada ya misa watu wote mpaka kwenye mpaka wa kijiji. Akina mama wakajipanga, kila kitu kikawekwa mahali pake, nyimbo zikaimbwa, mwenyekiti akamhutubia mgeni asiyekuwepo. Alimkaribisha vizuri sana. Dakika ya ishirini na mbili, mvuke.

Muhidin, ni gari lilelile, maji yaleyale, dereva yuleyule. Nyumbani zima, mpakani linachemka, na mgeni hata hayupo! Wapo wanaosema limefanyiwa kitu. Mzee Rafaeli ameniuliza taratibu nimemkosea nani. Nimekaa nikawaza, nikapata watu wanne, lakini hakuna hata mmoja anayejua magari.

Kamati wameniita tena wakaniuliza maswali. Nimewajibu ilivyo.

Jumamosi napeleka ngano mjini. Nitapita kwako na gari, ulione wewe mwenyewe.

Wako,
Urbano

*

Majengo,
21 Juni, 1976

Ndugu Urbano,

Tangu uondoke juzi sijatulia, naandika ili nijue ninachofikiri.

Gari lako lilisimama mbele ya nyumba yangu, injini inaunguruma, kuanzia Kulsumu alipoweka mafuta ya maandazi hadi adhana ya adhuhuri. Jirani yangu Abdala alikuja mara mbili kuuliza kama tumesahau kuzima. Halikuchemka. Niliweka gazeti mbele ya rejeta na kuliachia. Feni ikalivuta, likang'ang'ania pale kama limegundishwa. Unakumbuka tulivyocheka. Feni yako inavuta, Urbano, inavuta kuliko feni nyingi za mji huu. Nilifungua kifuniko, hakuna mapovu, kwa hiyo gasketi ni nzima. Mafuta hayana maji. Nimekosa hata pa kuweka lawama.

Basi kwa maandishi ya fundi: gari halina ugonjwa. Kwa maandishi ya jirani: Abdala anasema linaogopa ushirika. Nimemwonya asiseme hivyo barabarani.

Sipendi gari ambalo ni zima kwa fundi na gonjwa kwa mwenyewe. Kuna kitu sikioni. Ama wewe hukioni, ama hatukioni wote, na hapo ndipo nilipofikia.

Wako,
Muhidin

*

KIJIJI CHA UJAMAA ISANTELE
Kumb. Na. IS/G/7
24 Juni, 1976

Ndugu Muhidin, Fundi,
Majengo.

YAH: KUCHEMKA KWA GARI LA KIJIJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Dereva ameieleza Kamati kuwa gari halikuwa na tabia hii kabla wewe hujaifungua injini mwezi wa Aprili. Ameeleza pia kuwa ulimwuliza habari za feni kwa namna ya kuficha.

Kwa hiyo unatakiwa kueleza kwa maandishi ulifanya nini ndani ya injini, na kama kuna mtu aliyekutuma. Maelezo yafike kabla ya Saba Saba. Yasipofika, jina lako litaambatanishwa na la dereva.

Ujamaa ni Utu.

Polikarp,
Mwenyekiti

*

Majengo,
26 Juni, 1976

Urbano,

Nimepata barua ya mwenyekiti wako. Ina namba ya kumbukumbu, kwa hiyo siwezi kusema ni uzushi.

Uliponiandikia "nimewajibu ilivyo", kumbe ilivyo ni mimi. Halafu ukaja kwangu ukala maandazi kumi na moja. Kulsumu aliyahesabu kwa furaha wakati ule. Sasa ameyahesabu upya.

Lakini siwezi kukasirika mpaka mwisho, kwa sababu mimi nami nimekuficha. Ile siku ya Aprili nilikuwa narudisha injini yako, nikaitwa kwenye maziko ya marehemu shemeji yake Abdala. Nilifunga feni haraka nikaondoka. Uliponiandikia kuwa gari linachemka, moyo ukaniambia: Muhidin, feni umeifunga mgongo mbele. Feni iliyogeuzwa hivyo inazunguka sana lakini inavuta kidogo, na gari likisimama linaumia. Ndiyo maana niliuliza kwa kuzunguka. Ndiyo maana ulipofika hapa nilifungua boneti kabla ya kukusalimia. Ulidhani ni bidii. Ni hofu. Feni iko sawasawa. Wiki mbili nimelala na kosa ambalo sikulifanya.

Tuko sawa basi. Wewe ulinisema kwa watu, mimi nilijisema peke yangu, na gari halijatusikia wote.

Sasa fanya neno moja. Niandikie tena siku ya wageni, lakini usiniandikie gari. Gari nalijua. Niandikie watu. Nani anasimama wapi, anashika nini, anaweka nini. Hata kisichohusu injini. Hasa kisichohusu injini. Nilivyopasikia huko kwako, na nilivyoliona gari hapa, tofauti ni watu tu.

Muhidin

*

Isantele,
29 Juni, 1976

Ndugu yangu,

Nisamehe. Waliniuliza, "Nani mwingine amegusa injini?" Mdomo ukataja jina lako kabla kichwa hakijafika. Baadaye nilishindwa kuurudisha. Na maandazi yalikuwa matamu, mwambie shemeji kwamba yalinikaba kidogo.

Uliyoniagiza ni haya.

Asubuhi nawasha kwa hendeli nyumbani, watu hawajatoka. Naendesha maili tatu hadi mpakani, gari ni zima, halina shida. Naligeuza litazame barabara wageni wanakotokea. Mwenyekiti anasimama kulia kwangu, katibu kushoto na kitabu. Akina mama wako pande mbili, Dominika ndiye anayeanzisha nyimbo. Halafu wanakisomo wanakuja na kibao, wanakifunga kwenye uso wa gari kwa kamba, wageni wakitokea tu wakisome. Mzee Rafaeli anashika jogoo wa zawadi. Wageni wakifika tunapiga makofi, tunainama, tunasalimiana Kifipa kwanza, na salamu zetu unazijua, mgeni anaulizwa mpaka mbuzi wake. Ndipo hotuba. Gari linaunguruma muda wote huo. Kisha mvuke.

Sidhani kama kuna kingine. Labda kibao nikueleze, maana hukukiona. Huwa hakitoki kijijini. Ni mbao tatu pana zilizounganishwa, upana wake sawa na uso wa gari, kimeandikwa KARIBUNI ISANTELE KIJIJI CHA UJAMAA. Ni wanakisomo wamekiandika wenyewe, mwezi wa tano, walipomaliza herufi. Kila mtu herufi yake. Bertilla ana herufi yake pale. Watu wengine walilia kilipofungwa mara ya kwanza. Lakini hicho si cha gari, ni cha kijiji, nimekitaja kwa kuwa umesema nitaje yote.

Zimebaki siku nane. Bertilla hali chakula vizuri, na macho yake ni mekundu. Nikimwuliza anasema ni moshi wa jikoni.

Wako,
Urbano

*

Majengo,
1 Julai, 1976

Urbano, ndugu yangu, dereva kwa miaka kumi na tisa,

Umefunga mlango wa mbao kwenye pua ya gari, kisha unaniandikia kwamba halipumui.

Ni kibao. Kinafunika wavu wa mbele wote, nyuma yake ndiyo rejeta, na feni inavuta kuni. Nyumbani hakipo, gari zima. Njiani hakipo, zima. Hapa kwangu hakipo, zima. Mpakani kipo. Na mimi nisijisifu: nililiona lile gazeti limeganda mbele ya rejeta, nikacheka, nikalibandua. Lingekuwa la mbao lingenijibu siku ileile.

Sasa polepole, maana hapa ndipo pagumu. Usiende kwenye kamati ukasema kibao kinachemsha gari. Katibu ataandika "dereva asema maneno ya Ujamaa yanaharibu injini", na hapo utakwenda wilayani bila gari. Na watu waliolilia herufi zao watakutazama vipi? Mkeo atakutazama vipi?

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya mwenyekiti. Mpe ikiwa imefungwa. Wewe usiseme neno. Siku hiyo weka maji, washa, simama.

Muhidin

*

Majengo,
1 Julai, 1976

Ndugu Mwenyekiti,
Kijiji cha Ujamaa Isantele.

YAH: KUMB. NA. IS/G/7

Nimepokea barua yako. Injini niliifungua Aprili, nikaifunga. Hakuna aliyenituma ila Urbano.

Nimelichunguza gari kwa makini, na kuna jambo moja linanisumbua kama mwananchi. Nimesikia wanakisomo wa Isantele wameandika kibao kwa mikono yao. Kazi kama hiyo imefungwa chini, kwenye uso wa gari, panapogongwa na panzi na kurushiwa kinyesi cha ng'ombe, na ambapo mgeni aliye nyuma ya wenzake haoni hata herufi moja. Nashauri kwa heshima kipandishwe juu ya paa, kisimame wima. Huko kitasomwa tangu mbali, hata na mgeni ambaye bado hajaamua kuja.

Kuhusu kuchemka, sina la kuongeza.

Muhidin, Fundi

*

KIJIJI CHA UJAMAA ISANTELE
Kumb. Na. IS/G/11
9 Julai, 1976

Ndugu Fundi,

YAH: GARI KUTOCHEMKA

Napenda kukujulisha kuwa sherehe za Saba Saba zimekwenda vizuri. Kufuatia wazo nililolitoa kwenye Kamati tarehe 4 Julai, kibao kilipandishwa juu ya paa. Mgeni wa mkoa alikisoma akiwa bado ndani ya gari lake. Gari letu liliunguruma kwa saa moja na dakika kumi, hotuba mbili na shairi, bila mvuke.

Kamati imekaa na kuona kuwa gari lilikuwa likichemka kwa sababu kibao hakikuwa mahali pa heshima. Kwa hiyo hujuma haikuthibitika. Dereva anaendelea na funguo. Wewe umepewa onyo kuhusu Aprili, ila Kamati imeamua onyo lisitumwe.

Kutokana na mafanikio haya, mashine yetu ya kusaga nayo itapata kibao. Inapata moto sana, na tunaamini kibao kitaisaidia. Nimependekeza kifungwe mbele ya rejeta yake, ambapo watu husogea kuota moto, ili wasome.

Ujamaa ni Utu.

Polikarp,
Mwenyekiti

*

Isantele,
12 Julai, 1976

Shemeji Muhidin,

Salamu. Ni mimi Bertilla. Hii ni barua yangu ya kwanza. Usicheke mistari, inapanda yenyewe.

Kibao hufungwa na watu wengi. Wageni wakiondoka, nabaki mimi kukifungua. Ile mara ya pili nilikishika nikaunguza vidole. Mbele kilikuwa baridi, nyuma kilikuwa moto kama kikaango. Nikajua. Sijui injini, lakini jiko nalijua, na ukilifunika mdomo najua kinachofuata.

Sikusema. Ile K ya kwanza ni yangu. Nina miaka arobaini na moja, na sikuwahi kuandika kitu mtu mwingine akakisoma. Yule mgeni wa wilaya alikisoma kwa sauti, akaanzia kwangu. Nikaona nikisema watakitoa, kitawekwa ghalani na majembe. Nikasema nitasema kesho. Kesho zikawa nyingi. Urbano alipoitwa kwenye kamati nilimfuata mpaka mlangoni, nikarudi.

Barua zako zote nilizisoma, Urbano akienda shamba. Ile uliyosema ni kibao niliisoma mara nyingi. Uliandika mkeo atakutazama vipi. Nililia.

Jana mwenyekiti alikuja mashineni na mbao za kibao kipya. Watu walikuwa wengi na ngano zao. Nikamwambia, "Mwenyekiti, pale mbele hapana. Mashine itachemka kama gari." Akasema, "Nani amekwambia?" Nikasema hakuna aliyeniambia, najua mwenyewe, tangu mwezi wa sita. Nikaonyesha vidole. Akasema, "Kifungwe juu ya mlango basi," akaondoka haraka kama anayekwenda kuwahi kuliandika kuwa wazo lake.

Urbano alikuwa pale, ana gunia mabegani. Hakuliteremsha. Tulirudi nyumbani kila mtu na njia yake.

Leo asubuhi nimesikia mtu juu ya gari. Nimetoka. Ni yeye, yuko kwenye paa na kamba mdomoni, anakaza kibao. Ameanzia upande wa K.

Shemeji yako,
Bertilla